Mansu Wawili wa Ukuta Mmoja

Katika kijiji kile cha bondeni jina la Mansu halikukosa mwenyewe. Mzazi aliyezika watoto wawili watatu, akijaliwa mwingine wa kiume, hakufikiri sana: alimwita Mansu, yaani mwenye umri wa miaka elfu kumi, ili kifo kikisikia kikate tamaa. Lakini kifo hakijui hesabu. Kulikuwa na Mansu aliyechukuliwa na mto, Mansu aliyekwenda vitani asirudi, na Mansu aliyekufa kwa surua hata meno hajaota. Mwaka ule walikuwa wamebaki wawili, nao walitenganishwa na ukuta wa mawe ambao mtu mzima akisimama anachungulia. Upande wa juu alikaa Mzee Mansu na mkewe, Bibi Hadong, aliyeitwa hivyo kwa kuwa Hadong ndiko alikotoka kuja kuolewa. Mungu hakuwapa mtoto. Upande wa chini alikaa Mansu kijana na mkewe Dallae.

Asubuhi ile Mzee Mansu alipokata roho, Dallae alikuwa barazani akinyofoa vikonyo vya pilipili, vidole vinamwasha hadi kwenye kucha. Hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa mtu wa kutazama. Alitazama pilipili, akatazama mlango wa chumba alimolala mumewe, akarudi kwenye pilipili. Homa ilikuwa imemshika Mansu kijana tangu siku ya gulio, na sasa alikuwa hajui hata anapolala. Mwanamume wa kubeba magogo mawili begani, leo hawezi kunyanyua kijiko.

Akamsikia akiguna. Akaingia, akamwinua kichwa amnyweshe maji. Ndipo aliposikia mtu anaingia uani mbio. Alikuwa Deoksam, mpwa wa Mzee Mansu, mtu mnene asiyezoea kukimbia.

"Shemeji! Shemeji, mjomba ametutoka! Koti lake liko wapi?"

"Lipo kambani!" Dallae akajibu kutoka ndani, kichwa cha mumewe mkononi. "Chukua!"

Hakushangaa kuulizwa koti. Mtu akifa huko, hakuna kulia kwanza. Nyumba nzima huziba midomo, mmoja huchukua koti alilokuwa akilivaa marehemu, akapanda juu ya paa, akaelekea kaskazini na kuipungia roho, akiita jina lake mara tatu irudi. Isiporudi, hapo tena watu wana ruhusa ya kulia. Na koti la mzee lilikuwa kwa Dallae kwa sababu Bibi Hadong macho yalikuwa yameanza kumtupa. Nguo zao hufumuliwa mshono, zikafuliwa, zikatiwa wanga, zikapigwa kwa magongo juu ya jiwe hadi zing'ae, kisha zikashonwa upya. Bibi hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, basi Dallae alizishona za nyumba zote mbili.

Mara akasikia nyasi za paa la jirani zikilia chini ya uzito wa mtu. Sauti ya Deoksam ikapaa.

"Mansu! Mansu wa kijiji hiki! Rudi!"

Kimya. Hata mbwa walinyamaza.

"Mansu! Rudi!"

Kichwa cha mumewe kikawa kizito mkononi mwa Dallae, kizito kama kibuyu kinachojazwa maji.

"Mansu! Rudi!"

"Naam," akaitika mumewe.

Dallae akamziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Hata mtoto mdogo pale kijijini anajua kuwa ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Yeye ameitika, tena katika mwito wa maiti.

Hapo homa ikakatika kama uzi. Jasho likamkauka usoni, akaketi mwenyewe, akakunja miguu, akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, kikaishia kwa mluzi mdogo wa puani.

"Binti," akasema, "hakuna pombe ya mchele humu? Ya moto."

Dallae akacheka kwa furaha. Mumewe alikuwa bingwa wa kumwigiza mzee jirani, aliwavunja watu mbavu gulioni.

"Acha mzaha, wewe. Wenzio wana msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa mzee. Amekufa sasa hivi."

"Aa, nani kakwambia?" akasema, akipapasa kiunoni kama mtu anayetafuta kiko. Mumewe havuti tumbaku. "Hebu nenda kamwambie mke wangu ageuze pilipili zake kule juu ya paa. Yule mpumbavu Deoksam amezikanyaga zote za upande wa bomba la moshi."

Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha la karatasi lilikuwa limefungwa. Dallae akatoka kinyumenyume, akachungulia juu ya ukuta. Juu ya paa la jirani, upande wa bomba la moshi, pilipili zilikuwa zimesagwa nyekundu kama damu kwa nyayo za mtu mnene.

Akaiendea kamba ya nguo. Kati ya makoti mawili, moja lilikuwa limebaki. Akalishika mabega. Bega la kulia lilikuwa limekatwa chini kidogo kuliko la kushoto, kwa maana mzee alibeba kuni mgongoni maisha yake yote hadi bega moja likainama, na Dallae alikuwa amemshonea kwa kulifuata. Hilo ndilo lilikuwa koti la marehemu. Deoksam kwa haraka yake alikuwa ameliita jina la maiti kwa koti la mtu hai, na jina lenyewe ni moja.

Ikiwa mzee yuko huku kwangu, akawaza, wangu yuko wapi?

Akalikunja koti, akalitia chini ya aproni, akaenda nyumba ya juu. Langoni walikuwa wameshaweka bakuli za wali na viatu vya nyasi kwa ajili ya wale wajumbe wa kifo wanaokuja kuchukua roho za watu. Ndani wanawake wa ukoo walikuwa wameanza kulia, isipokuwa mwenyewe. Bibi Hadong aliketi macho makavu kando ya maiti, na juu ya maiti lilitandazwa koti lile, mabega yamelingana sawasawa.

Dallae akainama sikioni. "Bibi, njoo kwangu. Mume wangu ameamka. Anakohoa."

"Homa ikitoka mtu hukohoa, mwanangu."

"Anakohoa kisha anapiga mluzi puani."

Bibi Hadong akamtazama kwa macho yake yenye utando. Akainuka, akawaambia watu anakwenda kuazima sufuria.

Yule mtu alikuwa amejisogeza pale sakafu ilipo na moto zaidi, karibu na jiko linaloipasha kutoka chini, akijikuna goti.

"Umechelewa," akamwambia Bibi. "Uji wangu uko wapi?"

"Wewe kijana," Bibi akasema, "toka lini unanisemesha kama mkeo? Adabu umeiuza gulioni?"

"Adabu! Wewe na ule mtungi wa asali uliouficha nyuma ya pipa la maharage, nani hana adabu? Unadhani sijui? Kila ukitoka nilikuwa nachovya kidole."

Bibi Hadong akakaa chini taratibu, kama mtu anayeshushwa. Mtungi ule hakupata kumwambia kiumbe yeyote. Akaunyoosha mkono, akaushika mkono wa yule mtu, akaupapasa kiganja, akaupapasa vidole.

"Una nguvu," akasema pole pole. "Mkono wake ulikuwa hivi nilipokuja hapa mwari. Hivi hivi." Kisha bila kumtazama Dallae: "Mwanangu, niachie. Niachie hadi baridi ipite. Nani atanipasulia kuni mimi? Nani atanikorofisha? Wewe bado msichana, dunia yako ni ndefu."

Dallae alimpenda yule bibi. Alikuwa amemchana nywele, amemtunzia nguo, amekula naye chungu kimoja. Ilimwia vigumu.

"Na wangu, Bibi?" akauliza. "Wangu akae ndani ya yule mtu wa baridi hadi baridi ipite?"

Hapo kichwa cha Deoksam kikachomoza juu ya ukuta, uso umemtoka jasho.

"Shangazi! Uko huko unatafuta sufuria gani? Njoo! Tunamfunga mjomba mikono kwa kitambaa, fundo linafunguka. Tumefunga tena, limefunguka tena. Mzee Bak anayetuelekeza anasema tutafute kamba ya katani, tukaze barabara."

"Msikaze!" Dallae akapiga kelele.

"Shemeji, wewe nani katika msiba huu? Pika uji wa mgonjwa wako!"

"Deoksam," akasema Bibi Hadong, "ukimgusa kwa katani nitakuvunja mguu, na unene wako huo. Lete hilo koti alilofunikwa. Lete hapa ukutani." Kichwa kikazama. Bibi akageuka. Alikuwa bado ameushika ule mkono.

"Wewe mzee. Inuka uende."

"Niende wapi? Niko nyumbani."

"Uko katika nyumba ya watu. Umelalia godoro la watu. Hata hicho kifua unachokohoa si chako."

"Kule kuna baridi," akasema yule mtu, na sauti ilikuwa ndogo. "Hujui baridi yake."

"Nakujua. Hata kuoga ulikuwa hivi hivi, mpaka usukumwe. Nenda. Nami sitakawia, nikija nitakukuta umeshapasha mahali."

Yule mtu akaitazama miguu yake. "Miguu haijui njia," akasema. "Nimeitwa huku, nikaja. Niite kule, nitakuja."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Huko mke hamtaji mumewe jina. Humwita wewe, au humwita baba wa mtoto fulani, na asiye na mtoto hukohoa tu, mumewe akageuka. Bibi Hadong alikuwa ameishi na mwanamume huyo tangu ujana mpaka mvi, na Dallae na wake tangu masika ya mwaka juzi, na hakuna kati yao aliyewahi kulitia jina lile mdomoni. Tena palikuwa na hatari nyingine, nao wote wawili waliiona bila kuambizana: jina likiitwa kule peke yake, wataitika wawili.

"Nitakapoita mimi, nawe ita," Bibi akasema. "Usikawie. Wakinijia wote, mimi sitakuwa na jinsi ya kumrudisha wako." Akalichukua koti lenye bega lililoinama, akalikumbatia, akatoka bila kuangalia nyuma.

Deoksam akarusha lile jingine juu ya ukuta. Dallae akamfunika nalo yule mtu kifuani. Lilikuwa limepoa kama nguo iliyolala nje kwenye umande. Yule mtu akalala chali, mtiifu, akifumba macho.

"Shona pole pole, binti," akasema. "Unajitia upofu."

Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya Bibi Hadong. Haikuwa ile sauti yake ya kugomba. Ilikuwa sauti ya mwari, laini, yenye haya.

"Mansu."

Kifua chini ya koti kikashuka. Dallae akafungua mdomo. Jina likakwama kooni kama mwiba wa samaki. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tu. Midomo ilikuwa haijalizoea, na hapo mbele yake mwanamume hakuwa akivuta pumzi tena.

"Mansu," ikaja sauti kwa mara ya pili, tamu kiasi cha kumfanya mtu aache kazi yake aifuate.

Midomo ya mgonjwa ikaanza kuwa ya kijivu.

"Mansu!" Dallae akapasuka. Lilitoka kama tusi, kama anafukuza mbuzi kwenye kabichi. "Mansu! We mwanamume usiye na haya! Unakwenda wapi? Rudi kwako! Mansu!"

Kule kwenye msiba watu wote walinyamaza. Akasikia moto ukilia chini ya sakafu. Akasikia pilipili moja ikiviringika kutoka juu ya paa la jirani na kuanguka.

Kisha kifua kikapanda.

Macho yakafunguka. Dallae hakuthubutu kuuliza ni nani. Alingoja akohoe. Akangoja, mikono imeshika ukingo wa koti. Hakukohoa. Aliinua mikono yake miwili polepole mbele ya uso, akaitazama.

"Nani alinifunga?" akauliza.

Kwenye vifundo vya mikono, kuzunguka pale penye mshipa, palikuwa na alama nyekundu, pana, za kitambaa kilichosokotwa. Dallae akaanza kuzisugua kwa vidole vyake vya pilipili.

"Inawasha," akasema mumewe. "Acha. Nimesikia wanawake wawili wananiita. Mmoja aliniita vizuri, sijawahi kuitwa vizuri vile, moyo ukawa unamfuata. Halafu mwingine akawa ananitukana. Nikasema, basi, huyu ndiye wangu."

Dallae alitaka kucheka, kilichotoka hakikuwa kicheko. Hakuacha kusugua, na alama hazikufutika.

Ng'ambo ya ukuta Bibi Hadong akaanza kulia, sasa, mwisho wa wote. Alilia kwa sauti kubwa isiyo na aibu, akisema wewe mzee, wewe mzee. Jina hakulitaja tena.