Makaroni ya Tumbo Moja

Utumbo Secilia aliununua sokoni Lushoto asubuhi, ule mnene wenye vinyweleo ambao wachinjaji huuita taulo, akapanda nao kijijini ndani ya ndoo. Aliukwangua kwa kisu na maji ya moto mpaka ukawa mweupe, akausugua kwa chumvi na limao, akauchemsha na kumwaga maji ya kwanza, maana maji ya kwanza ya utumbo hata mbwa huyapita. Mapishi alifundishwa na Sista Agnese, Mtaliano, kwenye hosteli ya masista alikokuwa akifanya kazi ya jikoni. Kitunguu na karoti hukatwa vidogo vidogo na kukaangwa polepole, nyanya hufuata, kisha utumbo na maharage, na makaroni huingia mwishoni kabisa, yasije yakawa uji. Majirani walikuwa wakimcheka. Walisema Mzungu ni mtu wa ajabu, anaacha paja anakula utumbo.

Siku hiyo kilikuwa chakula cha kumaliza msiba. Edgar, mdogo wake Secilia, alifia kwenye shamba la kabichi, na ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba aliteleza. Mvua ilinyesha, tuta likawa tope, akaangukia panga lake mwenyewe. Mzee Kristian, baba yao mkubwa, ndiye aliyewaeleza polisi, na alieleza vizuri mpaka akajiliza mwenyewe.

Lakini siku ile Secilia alikuwa njia ya juu na mzigo wa kuni kichwani. Alimwona Kornelio, kaka yao mkubwa, akimkata Edgar shingoni, na alipoanguka akamkata tena begani. Kisha Kornelio alifuta panga kwa jani la kabichi, akang'oa mti wa mpaka na kuuchomeka upande wa pili wa shamba la mdogo wake. Secilia alimweleza mama yao.

"Mwanangu, nimeshazika mmoja," mama alimwambia. "Unataka nizike wawili?"

Mzee Kristian ni mtu asiyeweza kukutana na msemo akaupita bila kuusalimia. Alitangaza kwamba hawa ni watoto wa tumbo moja, basi wale tumbo moja, kutoka sufuria moja, na sufuria likiisha na maneno yameisha. Hakuna mila yoyote inayosema hivyo, si kwa Wasambaa wala kwa watu wengine. Lakini neno hilo lilisikika vizuri, na wazee waliitikia kama watu waliolisikia kwa babu zao. Kwa kuwa Secilia ndiye aliyejua kupika utumbo ukalika, akapewa kazi.

Alikubali, moyoni akiwa na lake. Alitaka neno lisemwe mbele ya ukoo kabla sufuria halijawa tupu. Lisiposemwa, Edgar angebaki kuwa mtu aliyejiua kwa uzembe, na Loveness, mjane wake, asingekuwa na pa kusimama kudai hata tuta moja la watoto wake.

Alipotia makaroni, utumbo ukaanza kutoa damu. Aliiengua kwa upawa, ikaja nyingine. Akaonja. Haikuharibu mchuzi, ila ilibidi asiongeze chumvi.

Watu walipokaa uani kula, Edgar aliingia kwa njia ya migombani. Kichwa kilikuwa kimelalia bega la kushoto, naye alikishikilia kwa mkono.

"Onga mshi," aliwasalimu wote. Kisha akamgeukia mzee. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umechelewa."

"Njia ina tope."

Mama alimsogezea kigoda. Loveness alimnawisha, akamtandikia kitambaa magotini. Edgar alikula kwa pupa kama alivyokula tangu utotoni, na makaroni mengine yakawa yanatokea kwenye jeraha la shingo na kumwangukia kifuani.

"Kula taratibu, unamwaga," mama alimkemea.

Secilia alichuchumaa akayaokota kwenye shati lake moja moja. Vifungo vya shati lile alivishona yeye.

"Edgar," alisema mwishowe, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Waambie nani alikukata."

Mzee Kristian alikuwa na kipande cha taulo mdomoni, akaendelea kukitafuna. Edgar alimeza kwanza.

"Kaka Kornelio," alijibu. "Sina ugomvi naye. Arudishe tu mti wa mpaka mahali pake, watoto wangu wapate pa kulima."

Kornelio aliweka sahani chini. Alinawa mikono, akaenda kuchomoa panga kwenye paa la jiko, akarudi, akamkata Edgar palepale kwenye kigoda. Pigo la kwanza lilipasua shavu, la pili likaingia shingoni mahali pa zamani, la tatu likavunja mkono alioinua kujikinga. Damu iliruka ndani ya sahani na juu ya gauni la mama. Edgar alianguka na chakula chake. Miguu ilipiga ardhi kama ya kuku aliyechinjwa, mwishowe ikatulia. Kornelio, akihema, aliomba maji anawe tena.

Secilia alifurahi. Ni aibu kulisema, lakini alifurahi. Ukoo mzima umeona mchana kweupe, nani tena angezungumza habari za utelezi? Alisimama, upawa mkononi.

"Baba mkubwa, umeona?"

Mzee Kristian alitazama chini, mchuzi ulipochanganyika na damu ukaenea mpaka kwenye viatu vyake.

"Nimeona," alisema. "Ameteleza. Mchuzi huu wa Kitaliano una mafuta mengi."

Wazee waliinama kuutazama. Mmoja alivua kandambili, akaujaribu kwa kidole cha mguu, akathibitisha kuwa kweli unateleza.

"Nani kaumwaga?" aliuliza.

"Mpishi ni Secilia," mama alisema, akiangalia gauni lake.

"Kaumwaga yeye mwenyewe alipokatwa!" Secilia alipiga kelele. "Kakatwa mbele yenu! Loveness, sema!"

Loveness alimtazama Kornelio, akalitazama panga, akawavuta watoto wake nyuma ya kanga.

Vijana wanne walimbeba Edgar hadi kaburini. Halikuwa mbali, na halikuhitaji kuchimbwa, kwa kuwa aliliacha wazi alipotoka. Waliporudi, Mzee Kristian alikwishatoa uamuzi. Ilikuwa bahati mbaya. Mpishi hakukusudia, na kwa kuwa wote ni damu moja, ukoo umemsamehe. Alimtaka Secilia ashukuru.

"Shukuru, mwanangu," mama alimnong'oneza. "Shukuru yaishe."

Kornelio ndiye aliyemwendea wa kwanza. Alimshika bega kwa upole wa kweli, kwa maana macho yake yalikuwa na machozi.

"Mimi nimekusamehe, dada," alisema, akanyoosha sahani. "Yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki kidogo. Secilia alikwangua sufuria mpaka chini, akampakulia.