Uma wa Baiskeli ya Nurdini

Mimi nina mdomo, sikatai. Ndiyo maana siku ile nilimwacha Vedasto, mume wangu, kibarazani na mtoto, nikaingia dukani peke yangu na baiskeli iliyovunjika begani.

"Shikamoo, mzee Nurdini."

"Marahaba, mama Shukrani. Karibu."

Nikaibwaga sakafuni. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa umekatika. Tuliinunua hapo hapo kwake, Tabora mjini, na ilikuwa haijamaliza hata msimu mmoja wa asali. Vedasto alikuwa anateremka nayo karibu na kwetu Sikonge, Shukrani kakaa kwenye keria, wakarushwa wote wawili. Yeye alichubuka tu. Mwanangu alivunjika kiwiko, na sasa mkono haunyooki mpaka apasuliwe.

Tangu siku hiyo Vedasto hakumbeba tena mtoto. Akimwona anahangaika kuvaa gauni kwa mkono mmoja, anatoka kwenda kwenye mizinga yake hata kama hakuna kazi. Shukrani aliniuliza kama baba amemkasirikia. Niliumia sana, na hicho ndicho kilichonitoa nyumbani.

Nurdini akainama, akagusa chuma kilichoongezwa juu ya uma.

"Mmechomelea," akasema kwa upole. "Moto unadhoofisha chuma, mama. Ukishachomelea, lawama si ya kiwanda wala si yangu. Pole sana kwa mtoto."

Mlango ulikuwa wazi, nikajua Vedasto amesikia. Ni yeye aliyeipeleka kwa fundi. Kwetu baiskeli mpya haipandwi. Inakokotwa kwanza ikaongezewe vyuma, ndipo ipakiwe madumu ya asali, na hakuna anayeuliza kwa nini. Hasira zilinipanda mpaka nikakosa la kusema, mimi!

Wakati huo mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Usoke alikuwa anatoka na baiskeli yake mpya. Nurdini akageuka, akapaza sauti kama afanyavyo kila siku.

"Usiipande hiyo! Kokota kwanza kwa Sylvester hapo pembeni akuchomelee uma, usije ukaumia!"

Duka zima likamgeukia. Hata yeye aliyasikia maneno yake.

"Kama ni nzima," nikamuuliza, "unampeleka akaitibu nini?"

Akakaa juu ya kreti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonisumbua. Alituonea huruma wateja wake wote, na bado akatuuzia.

"Zinakatika," akasema. "Najua zinakatika. Nilidhani kuwaambia mchomelee inatosha."

"Haitoshi."

"Haitoshi kweli." Akamwita yule wa Usoke arudishe baiskeli. Akasema matibabu ya Shukrani ni juu yake, na aliyemletea mzigo ule atamshtaki mwenyewe.

Nikamwambia hayo akayaseme nje. Akatoka, akasimama mbele ya mume wangu.

"Vedasto, ndugu yangu, kosa si lako. Ile baiskeli sikupaswa kukuuzia."

Vedasto aliinama, akamnyanyua Shukrani taratibu, asiuguse ule mkono. Stendi ilikuwa karibu, na mtoto anatembea vizuri tu. Alimbeba mpaka ndani ya basi, akampakata njia nzima hadi Sikonge, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.