Benchi la Waliotengwa

Ilianza na mfuniko wa sufuria. Jogoo hajawika, giza bado zito, nikausikia jikoni unagonga: tu, ta, tu-tu, ta. Moto nilikuwa nimeuzima, na sufuria ya makande nilikuwa nimeiosha na kuifudikiza. Basi nikajua kwamba naota. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa jana.

Nikaenda jikoni.

"Shikamoo, Bibi," mfuniko ukasema.

"Marahaba."

"Baraza la wazee wa kanisa limekaa. Wanampima Nakiete."

Niliushukuru kwa kunisalimia kwanza. Siku hizi si wengi wanaokumbuka.

Nakiete ni mjukuu wangu, binti wa Elifuraha wangu. Huimba ule muziki wa kufokafoka. Vijana husema kuchana, na yeye huchana kwa jina la Yesu. Wakati wa Pasaka aliingia kilabuni kwa Mama Namkunda, akawachania wanywaji habari ya yule kijana aliyelisha nguruwe, na baba yake alivyomkimbilia alipomwona kwa mbali. Mbonea, ambaye mkewe hakuwahi kumwona nyumbani kabla ya watu kulala, aliweka chini kikombe chake cha dengelua, ile pombe ya miwa, akaenda kumchotea mkewe maji.

Wazee wa kanisa waliposikia, hawakuuliza habari ya maji. Waliuliza Injili iliingiaje kilabuni, tena kwa midundo ile. Wakamtenga. Asishiriki meza ya Bwana, asiimbe, akae benchi la nyuma. Tangu siku hiyo mtoto hajatamka neno. Nikimlisha anakula. Ananitazama. Basi.

Nikafungua mlango wa jikoni niende kanisani, na mlango ukanitokeza kanisani. Viatu sikuwa nimevaa.

Mzee Mrutu, mkuu wa baraza, amesimama mbele ya madhabahu na mizani ya kupimia tangawizi. Nakiete yuko benchi la nyuma. Kila akifumbua mdomo linatoka neno, linaanguka sakafuni kama tangawizi iliyong'olewa sasa hivi, na Mzee Mrutu analiokota.

"Maneno ni mengi mno," anasema.

"Mchungaji naye huhubiri mpaka jua linageuka, Mzee wangu."

"Yale ni ya polepole."

Anakwangua neno moja kwa ukucha, anaunusa ukucha. "Tena yana udongo."

"Tangawizi yote ina udongo."

"Injili haina udongo, Mama Elifuraha."

"Na Adamu je?"

"Adamu tulishamtenga. Zamani sana. Hajaomba kurudi."

Anayatia maneno yote guniani, anafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya mgomba. Nakiete anafumbua mdomo tena. Hakitoki kitu.

Nikaigeukia ngoma ya kwaya. Imekaa palepale karibu na madhabahu, imevaa kitambaa cheupe nilichokidarizi mwenyewe.

"Msemee mtoto," nikaiambia. "Wewe hukosi Jumapili hata moja. Watakusikiliza."

"Nakushukuru kwa kitambaa, dada," ngoma inasema, sauti iko chini. "Kabla yako hakuna aliyewahi kunifunika."

"Basi msemee."

"Wewe ulikuwa hujazaliwa. Babu za wazee hawa walisema mimi ni wa mizimu, kwamba nikilia humu ndani mashetani wataingia. Nilikaa benchi lile lile, huko nje. Mvua ilininyeshea mpaka ngozi ikalegea."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

"Na ndiyo maana siwezi, dada. Nikisema, watakumbuka nilikotoka."

Sikuweza kuikasirikia. Ilikuwa inatetemeka. Nikakiweka sawa kitambaa chake.

"Atengwe," anasema Mzee Mrutu.

"Si alishatengwa?"

"Ilikuwa kwa maneno. Sasa atengwe."

Benchi linasimama kwa miguu yake minne, linajinyoosha kama ng'ombe aliyeamka, linatoka naye mlangoni. Waumini wanalipisha kwa adabu. Mama mmoja anampungia mkono, "Safari njema, mwanangu."

Nakimbia nyuma yao. Nje ya kanisa ni kilabuni kwa Mama Namkunda. Mbonea na wenzake wamekaa safu kwa safu, mikono magotini, vikombe vimefudikizwa mbele yao.

"Shikamoo, Bibi," anasema Mbonea. "Yule binti anakuja?"

"Marahaba, baba. Amepita sasa hivi na benchi. Hamkumwona?"

"Tumeona benchi limebeba mtu asiye na sauti. Yule wetu tunamjua kwa sauti."

"Ni yeye huyo."

Anainamisha kichwa. "Basi tumekwisha, Bibi. Vikombe vimeanza kugeuka vyenyewe."

Nakitazama kikombe chake. Kinajipindua taratibu, kinasimama wima, kinaanza kujaa. Mbonea anakiangalia kama mtu aliye ng'ambo ya mto anavyoangalia maji yanapanda. Hata hivyo aliinuka akanishika mkono mpaka mlangoni, maana palikuwa na utelezi.

Huko nje hakuna shamba wala njia, ni ukungu mtupu. Benchi limesimama katikati yake. Nakiete anatetemeka. Pembeni yake ubao umebonyea duara, pale ngoma ilipokaa zamani. Nikakaa hapo.

"Omba kurudi," nikamwambia. "Simama mbele ya kanisa utubu, yaishe. Wakikuuliza unatubu nini, waambie lolote."

Akatikisa kichwa.

"Yale maji ya mke wa Mbonea? Hutaki kuyatubia?"

Akatikisa tena, polepole. Nikalia. Nami nisingeyatubia.

"Muda wa wageni umekwisha," likasema benchi.

"Mimi ni bibi yake."

"Hata mabibi."

"Naomba nimwachie kanga. Kuna baridi."

Benchi likafikiri. "Habari ya kanga sikuambiwa," likasema. "Mwachie."

Nikamfunika mpaka mabegani.

Nikaamka na baridi. Kanga niliyolala nayo haikuwepo kitandani, wala chini, wala kitini. Chumba cha Nakiete huwa nakifunga kwa komeo upande wangu, tangu alipoanza kutoka usiku kwenda kusimama kwenye mvua. Komeo lilikuwa mahali pake. Nikalivuta.

Alikuwa amejikunyata, amejifunika kanga yangu ya zambarau, yenye pindo lililoungua na mshumaa. Nikaigusa. Ilikuwa imelowa ukungu.

Akafumbua macho. Sauti yake ilitoka ikikwaruza, kama bawaba ya mlango wa siku nyingi.

"Bibi," akasema, "kule ni mbali, na magoti yako najua yanauma. Lakini utakuja tena?"