Jiwe la Sebule

Majirani waliliita gari letu Sebule, na hawakukosea. Viti vyake vilikuwa vipana, vya kitambaa laini, ukikaa unazama. Mama mkwe wangu, ambaye mgongo wake ulikuwa umegombana na kila kitanda cha nyumba hii, alilala humo kila mchana, madirisha wazi, akikoroma kwa raha zake. Taabu ilianza pale ulipotaka Sebule liende mahali.

Stata iligoma ilipojisikia, kwa hiyo tuliliegesha juu ya mteremko wa uani, likitazama geti na barabara, ili asubuhi lishuke lenyewe mpaka liwake. Gia ilikuwa na tabia ya kuchomoka. Mlango wa pembeni ulifunguka kwa nje tu, tena kwa teke. Hendibreki ilikuwa imekufa kabla hatujalinunua. Dawa yake ilikuwa jiwe: mume wangu alikanyaga breki, mmoja wetu akaruka chini na kulisukuma jiwe mbele ya tairi, ndipo naye akashuka. Hata binti yetu wa miaka minne alijua. "Baba, jiwe!" alipiga kelele kila tukifika, na baba yake, kinyozi asiyeishiwa na mzaha, alijibu, "Lipo, mheshimiwa!"

Mimi sikucheka. Bibi akipanda kulala, alimchukua na mjukuu wake. Nikifua, macho yangu hayakuwa kwenye nguo, yalikuwa kwenye lile jiwe. Niliogopa, na niliona hasira kwamba naogopa peke yangu.

"Wewe ungeolewa na askari," mume wangu alinitania.

"Siku likishuka nao, utanitania vizuri. Cha rahisi ghali."

Niligoma kumpakulia chakula mpaka akamwita fundi. Fundi alishinda asubuhi nzima chini ya gari, akafunga waya mpya, kisha akamwonyesha mume wangu mpini, pale chini ya usukani. "Vuta, bosi." Akavuta. Tukalisukuma wote watatu, Sebule halikutikisika. Mume wangu alilibingirisha jiwe kwa mguu mpaka kwenye maua yangu kando ya geti.

"Huyo amestaafu," alisema. "Umeridhika, mama?"

Niliridhika. Usiku ule nililala fofofo.

Kesho yake mchana alirudi kula. Alisimamisha gari pale pale, akatia gia, akazima, akashuka akipiga mluzi. Akaupiga teke mlango wa pembeni, akawapandisha mama yake na mtoto, akaufunga. Funguo akazitupa mezani. Mazoea yana taabu: miaka yote ile mguu wake ulijua kazi yake, lakini mkono wake haukuwahi kufundishwa kuvuta kitu.

Binti yangu alichungulia dirishani. "Baba, jiwe!"

"Jiwe limestaafu, mheshimiwa. Lala."

"Baba, jiwe!" alirudia, safari hii bila kucheka. Bibi akamvuta alale.

Nilikuwa naanika shuka. Kitu fulani kilinikaa vibaya moyoni, sikujua ni nini. Niliangalia tairi, nikaona hakuna jiwe, nikajikumbusha kwamba siku hizi halihitajiki. Nikachukua shuka nyingine.

Kisha nikasikia gia ikichomoka. Tak. Baada ya hapo zikafuata kokoto, taratibu, zikisagika chini ya tairi.

Mume wangu alitoka mbio na tonge mdomoni. Alilifikia gari, mlango wa dereva umefungwa, akaingiza mkono dirishani mpaka begani, akaushika usukani. Mpini wa breki ulikuwa pale pale, shubiri moja chini ya vidole vyake.

"Jiwe!" alipiga kelele. "Mke wangu, jiwe!"

Nami, nisiweze kuwaza kingine, nilikimbilia jiwe. Nilikata uwanja, nikalichomoa kwenye maua, nikalikumbatia kifuani, nikasimama getini. Geti lilikuwa wazi, na chini kule barabarani nilisikia lori likija. Gari lilikuwa limeshika kasi. Mume wangu alikuwa ameanguka nyuma.

Nilijua la kufanya, nilikuwa nimelifanya mara nyingi. Nikainama. Ndipo nikamwona mama mkwe wangu dirishani. Alikuwa ameamka, ametoa mikono yake yote miwili nje, na kwenye mikono hiyo alikuwa binti yangu.

"Mpokee!" alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayekupa sahani.

Nilikuwa na mikono miwili tu. Jiwe likaanguka miguuni pangu, nikampokea mtoto, tukaangukia wote kwenye maua. Sebule likapita na bibi yake, likaingia barabarani.

Lori lilipiga honi ndefu, ikakatika ghafla.

Baada ya mazishi fundi alikuja kuliangalia lile gari. Mbele lilikuwa limebondeka, lakini viti vya nyuma vilikuwa vizuri tu, na kanga ya mama mkwe bado ilikuwa juu ya kimoja. Mume wangu alikaa chini akaegemea ukuta. Fundi aliingiza mkono chini ya usukani, akavuta, kisha akalisukuma gari kwa bega, mara ya kwanza na ya pili.

"Inashika," alisema. "Bosi, mbona inashika?"