Turubai la Kemboi

Jepleting aliunganisha nyaya za mega kwenye mota kubwa ya kompresa, akabonyeza, akasubiri. Kifaa hicho hupima kama kihami kinachofunika nyaya za ndani bado kinazuia umeme usivuje. Kihami kikiwa kikavu, namba hupanda polepole kadiri unavyosubiri. Hii ilisimama chini na kukataa kusogea.

"Injinia, hiyo mota haina mimba," Kihara, meneja wa kiwanda, alimtania kutoka mlangoni. "Iwashe tu."

Lakini hakuwa anacheka. Matengenezo yalikuwa yamekwisha, na malori ya maziwa yalikuwa njiani kutoka Dundori. Bila mota hiyo hakuna baridi, na maziwa hayangoji. Jepleting alimweleza kwamba ndani kuna unyevu. Wakiiwasha hivyo huenda ikaungua, na kusuka upya nyaya zake si kazi ya siku mbili. Kihara akamuuliza kama ana hakika. Alijibu kwamba hakika hana, ana hiyo namba tu, na hawezi kuiruhusu iwake.

Kihara alitoka kwenda kuwasihi watu wa kiwanda kingine wapokee malori ya siku hiyo.

Jepleting alibaki akitafuta maji yalikoingilia. Paa halikuvuja. Ndipo akaliona turubai, limekunjwa vizuri pembeni, upande wa ndani umejaa matone.

Alipoulizwa, Kemboi, mzee anayeendesha mitambo, alisema bila wasiwasi kwamba ni yeye aliyeifunika mota siku ile iliposimamishwa. Baridi ya msimu huu ni kali. Kwao hata ndama akizaliwa humfunika gunia. Ile hita ndogo ya ndani, inayoipa mota joto ikiwa imezimwa, aliizima, maana mota ilishafunikwa, ya nini kupoteza umeme?

Jepleting alikuwa ameandaa maneno makali. Yakamwishia mdomoni. Chuoni alisoma mengi kuhusu mota, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuihurumia.

"Ndama ana joto lake, mzee," alisema. "Hii ikizimwa haina. Ukiifunika, unyevu unabaki humo humo."

Kemboi aliitazama mota. "Kumbe nilikuwa naiua."

"Ulikuwa unaitunza. Tuwashe hita."

Waliiacha wazi ipate joto taratibu. Jepleting alipopima tena jioni, namba ilianza chini, ikatambaa, ikaendelea kupanda. Kemboi aliikodolea macho mpaka mwisho, kisha akauliza kama anaweza kuchukua turubai. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa.