Ua Ndani ya Pipi

Bibi alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na ua lililomo ndani ya pipi. Ulambe, lipo. Uivunje kwa jino, bado lipo! Nani kalichora humo, na mkono kaupitishia wapi? Sasa macho yalikuwa yanamtupa mkono, na daktari alishamwambia wazi kwamba hayarudi. Bibi akakata shauri: atakwenda kiwandani kuliona ua likitiwa ndani, kabla giza halijafunga mlango.

"Mama, utaona nini huko?" mwanawe aliuliza, shingo upande.

"Nikishindwa kuona nitanusa. Washa gari."

Kiwandani walivishwa kofia za kufunika nywele, wakaambiwa wasivuke mstari mwekundu. Mjukuu wake, msichana aliyeitwa Chiriku kwa sababu domo lake halikujua likizo, ndiye aliyekuwa macho yake.

"Bibi, wamemwaga uji wa sukari mezani! Unafuka moshi! Sasa wanaukanda kama unga!"

Bibi aliona mawingu meupe tu, yakienda na kurudi. "Na ua je?"

"Bado."

"Bado, bado! Hao wachoraji wamelala?" Alisema kwa ukali, lakini hofu ilikuwa imemshika. Safari ya pili isingekuwa na maana, na yeye alilijua hilo kuliko wote.

Fundi aliyekuwa akikanda alimsikia, akacheka. "Hapa hachori mtu, bibi yangu. Ua tunalijenga." Akamweleza: sukari nyekundu hupangwa vipande vinene kama mkono, katikati hutiwa ya njano, kisha yote huzungushiwa nyeupe mpaka iwe gogo. Mashine hulibana gogo na kulivuta, likawa kamba nyembamba kama kidole. "Ukubwa unapungua, bibi, sura inabaki."

"Usinipigie chuku, kijana."

Fundi akakata ncha ya gogo, akaileta kwenye sinia hadi mstarini. Bibi akainama. Ua jekundu lilikuwa limejaa sinia zima.

"Masalale! Naliona! Na petali moja imepinda, nyie, mnalipwa kwa kazi gani?" Akacheka mpaka kofia ikamvuka. Furaha ilimjaa hata machozi yakamtoka, asijali nani anamtazama.

Kisha akamshika fundi mkono. "Mwanangu, hiyo mashine haiwezi kwenda kinyumenyume?"

"Kivipi, bibi?"

Akamvuta Chiriku mbele. "Huyu alizaliwa macho yangu yakiwa yameshaanza kuniaga. Nifanyie awe mkubwa, nami nimwone."

Mwana wa Bibi akajikuna shingo, akatazama pembeni.

Halafu Chiriku akapanda juu ya viatu vya bibi yake, akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, akausogeza uso wake mpaka pua zikagusana.

"Angalia, Bibi," akasema. "Hata kupepesa sipepesi."