Vitu Visivyo na Mwenyewe

Mimi simwamini mtu anayenyamaza, na Gatera hunyamaza hata ukimkanyaga. Tulikuwa tunaunda pamoja mashine pepe, yaani programu inayojifanya mashine ndani ya simu, ili masomo ya watoto yafunguke hata kwenye simu kuukuu za hapa kambini Dzaleka. Madamu Kelly wa Lilongwe alikuwa ameahidi kwamba tukimwonyesha inafanya kazi bila kukwama, ajira ni yetu sote wawili. Niliitaka ajira hiyo hadi nikawa naiota.

Sehemu yangu ilikuwa mfagiaji. Simu kuukuu ina memori finyu, kwa hiyo mfagiaji hupita ndani ya mashine akiuliza kila kitu: nani amekushika? Kilichoshikwa na programu kinabaki, kisicho na mwenyewe kinatupwa. Nilijivunia sana kazi hiyo.

Lakini memori ikawa inajaa. Nilipochungulia nikakuta rundo la vitu visivyo na mwenyewe, na mfagiaji wangu akivipita kana kwamba amehongwa. Mtu alikuwa amejenga kona yake ndani ya programu, akavificha humo. Nani mwingine, kama si Gatera? Ni sisi wawili tu tuliokuwa tukiigusa.

Wiki hiyohiyo Marie-Goretti, anayeuza dagaa soko la Tsoka kule Lilongwe, akaniambia amemwona Gatera pale na Madamu Kelly, wanaongea na kucheka. Gatera, acheke? Basi nikajua. Anataka mfagiaji wangu akwame mbele ya mama yule, mimi nionekane sijui kazi, abaki peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikasirika hadi usingizi ukanipaa.

Sikumuuliza. Ukimuuliza mwizi unampa nafasi ya kujipanga. Asubuhi ya kwenda mjini nikaing'oa ile kona yote, na mashine ikawa nyepesi ajabu. Nikafunga nyumba, nikamwachia ufunguo jirani yangu Thacienne, ambaye ni mke wa Gatera. Ndivyo tunavyofanya kambini: ukienda Lilongwe, jirani anakushikia ufunguo, wala haumtoki mkononi mpaka urudi mwenyewe uuombe. Kisha mimi na Gatera tukaondoka, kila mtu na yake moyoni.

Ofisini kwa Madamu Kelly somo lilifunguka upesi. Nilimtazama Gatera kwa jicho la pembeni nikisubiri uso umshuke. Sauti ya mwalimu ikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, halafu ikakatika, ikakoroma, simu ikazima. Tukaiwasha tena. Ikafia palepale. Madamu Kelly akatuambia zikomo, yaani asante, kwa upole, akasema atatafuta watu wengine.

Tulipofika barabarani Gatera akasimama.

“Nicole, njo we ulitosha ile kona?”

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni mimi niliyeitoa, na yeye aniambie alikuwa anaficha nini humo.

“Sauti. Simu ikianza kuisoma, sauti inatoka inje ya mashine yetu. Mfagiaji yako haone inje, anazani haina mwenyewe. Nilikuwa naichunga mpaka irudi.”

Akaeleza kwamba kona ilijaa kwa sababu sauti zilichelewa kurudi, na dawa yake alikuwa bado anaitafuta. Pale Tsoka alikwenda kumwomba Madamu Kelly atuongezee siku. Mama akacheka, akakataa, naye akacheka kwa aibu.

“Sasa juu ya nini hukuniambia?”

Gatera akaanza tena kutembea.

“Ungeniamini?”

Tukarudi Dzaleka. Thacienne alituona kwa mbali, akaja kutupokea. Akafungua fundo la kitenge chake, akanipa ufunguo wangu, ukiwa bado na joto la mwili wake, akaniuliza kama tumepata kazi.

Nikanyamaza.